Kitovu cha uzito: kwa nini tenki la maji lisikae juu ya keria

Mdogo wangu yuko Mafinga, kanunua Haisi iliyotumika anataka kuigeuza iwe gari ya kulala, kitanda, jiko dogo la gesi, maji, azunguke nayo mpaka Tukuyu na Matema. Juzi kanitumia mchoro nikaona tenki la lita 100 kaliweka juu ya keria, eti maji yateremke yenyewe asinunue pampu. Nikamwambia hapana dogo, umesahau kitovu cha uzito.

Kitovu cha uzito ni ile sehemu moja ambayo ni kama uzito wote wa kitu umekusanyika hapo. Chukua kiberiti kisimamishe wima mezani, kisukume kwa kidole kule juu, kinaanguka mara moja. Kilaze, kisukume tena, kinateleza tu. Njiti ni zilezile ila kitovu kimeshuka na kitako kimepanuka. Gari nayo kitako chake ni upana kati ya tairi ya kushoto na ya kulia.

Hesabu yake haina ugumu, chukua nusu ya huo upana ugawanye kwa kimo cha kitovu kutoka barabarani. Tuseme upana ni mita 1.5, nusu yake sentimita 75, na kitovu kiko sentimita 75, unapata 1. Namba ikishuka gari inapinduka kirahisi zaidi, hata Marekani wanatumia hesabu hii kupima magari yao.

Sasa rudi kwenye tenki. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo hapo juu kuna kilo 100. Gari na mizigo yote tuseme kilo 1,900. Ukizitoa hizo kilo 100 sakafuni ukazipandisha mita 1.7, basi 100 mara 1.7 gawa kwa 1,900, kitovu cha gari zima kimepanda karibu sentimita 9 na ile 1 imekuwa 0.89, na hapo hujapakia tairi ya spea wala mkungu wa ndizi. Halafu tenki likipungua maji yanakimbilia nje ya kona wakati gari nayo inalalia hukohuko. Ushuke mlima Kitonga hivyo, kona juu ya kona, bonde upande mmoja na malori yanapanda upande wa pili! Naogopa kweli.

Mimi nimemwambia aweke madumu 5 ya lita 20 sakafuni, katikati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kushoto na kulia uzito ulingane, na pampu ndogo ya volti 12. Betri na mchele chini, mtungi wa gesi pia chini na tundu la hewa sakafuni pembeni yake maana gesi ikivuja inazama. Kabati za juu atumie paini asitumie mninga, aweke blanketi na masweta tu, Juni atayahitaji. Na kila kitu kifungwe kwa mkanda na bolti zinazopenya sakafu, kwa sababu gari ikiwa spidi 50 ikagonga ikasimama ndani ya sekunde 0.1, dumu moja la kilo 20 linakusukuma mgongoni kama mzigo wa kilo 280.

Jana kanitumia mchoro mpya, madumu yako chini ya kitanda. Spea bado iko juu, tunaongea.