Msuli wa tumbo ukivutika: usiuchue siku za kwanza, usiuharakishe kurudi kazini

Wapakiaji wa mizigo, vibarua wa zege na vijana waliorudi gym kwa pupa ndio tunaowaona mara kwa mara katika kitengo cha fiziotherapia wakiwa wameshika ubavu. Visa vyao vinafanana. Mtu ameinama, amebeba, kisha akageuza kiwiliwili mzigo ukiwa bado mikononi. Ghafla anahisi kitu kimemvuta pembeni ya kitovu au chini ya mbavu, na kuanzia hapo hata kucheka kunauma. Fikiria lumbesa, gunia linalozidi kilo 100, linalotupwa begani kwa mtindo huo tangu alfajiri.

Ukuta wa tumbo umejengwa kwa misuli mirefu inayoshuka katikati, kutoka mbavuni hadi kwenye mfupa wa kinena, na mingine ya ubavuni iliyolaliana tabaka tatu. Ukiivuta kupita kiasi, nyuzi zake huchanika. Zikiwa chache, wengi hupona ndani ya wiki 2 hadi 3. Zikiwa nyingi, kukawa na uvimbe au ngozi kuvilia damu, hesabu wiki 4 hadi 8. Msuli kukatika kabisa ni nadra, na huyo ni mgonjwa wa daktari.

Swali letu la kwanza ni kama maumivu yanatoka kwenye ukuta au ndani ya tumbo. Tunamlaza mgonjwa chali, tunabonyeza kwa kidole pale panapouma, kisha tunamwambia anyanyue kichwa na mabega bila kutumia mikono. Maumivu yakizidi misuli inapokaza, yaelekea tatizo liko ukutani. Yakipungua, tunashuku kilicho ndani, maana msuli uliokaza umekikinga. Kipimo hiki kilielezwa na daktari mpasuaji Mmarekani, John Carnett, mwaka 1926, na hakihitaji mashine. Lakini kinahitaji mkono uliozoea, kwa hiyo usijipime nyumbani ukaridhika.

Fika hospitali siku hiyohiyo ikiwa maumivu yalianzia kitovuni yakahamia chini kulia, nawe huna hamu ya kula, unatapika au una homa: hicho chaweza kuwa kidole tumbo. Uvimbe unaotokea ukisimama au ukikohoa na kurudi ndani ukilala ni dalili ya ngiri. Ukigoma kurudi, ukawa mgumu na kuuma, ni dharura. Mwanamke aliyekosa siku zake akapata maumivu ya chini ya tumbo asisubiri hata kidogo, kwani mimba iliyotunga nje ya kizazi inaua. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda naye aje mapema, hata kama alikohoa tu.

Ikithibitika ni msuli, siku tatu za kwanza ndizo zinazoharibiwa zaidi, na mara nyingi kwa mapenzi. Shangazi anafika na mafuta, anachua kwa nguvu hadi mgonjwa analia, akiamini anarudisha msuli mahali pake. Msuli haujahama. Nyuzi zimechanika na mishipa midogo ya damu inavuja, hivyo kuchua kunaongeza kuvuja huko. Mwombe kwa heshima aweke mafuta pembeni kwanza, akutafutie barafu. Ifunge kwenye kitambaa, iweke dakika 15 hadi 20, rudia kila baada ya saa chache. Kukanda kwa maji ya moto kusubiri siku hizo tatu zipite.

Parasetamoli inatosha kwa wengi. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Diklofenaki na ibuprofeni usizinunue kiholela ikiwa una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, presha au ujauzito.

Kulala kitandani kutwa hakusaidii. Tembea taratibu. Ukiamka, geukia ubavu kwanza, shusha miguu, kisha jisukume kwa mkono. Ukikohoa, kumbatia mto tumboni. Kunywa maji na kula papai au mboga za majani ili usijikamue chooni. Na kama kikohozi chenyewe ndicho kilichouumiza msuli na kimefika wiki mbili, kapime kifua kikuu. Katika vituo vya umma kipimo na dawa ni bure.

Mazoezi yanaanza kwa pumzi. Lala chali, kunja magoti, weka kiganja juu ya kitovu. Vuta pumzi hadi kiganja kiinuke, toa pumzi polepole huku ukivuta kitovu ndani. Ikiwa hakuna maumivu, endelea kwa kukandamiza kiuno sakafuni kwa sekunde 5 na kuachia. Sit-ups zisubiri mpaka uweze kukohoa na kugeuka kitandani bila kushtuka.

Wengi wanaorudi kwetu mara ya pili waliona maumivu yametulia wakabeba mzigo ule ule kesho yake. Kovu changa ni kama zege lililomwagwa jana: juu limeshika, ndani bado. Anza na mzigo mwepesi usiokuuma, kaa nao siku kadhaa, ndipo uongeze. Uweke karibu na mwili, kunja magoti badala ya kukunja mgongo, na ugeuke kwa miguu yako yote badala ya kiuno. Kama unaishi kwa kibarua cha kutwa, tunajua kupumzika ni njaa. Tuambie, tukuandikie barua ya kazi nyepesi umpelekee msimamizi wako.