Tusingoje msiba ndipo tusifiane

Katika familia zetu nyingi, mema ya mtu husikika vizuri siku ya mazishi yake. Wasifu wa marehemu ukisomwa, ndipo unajua kwamba alisomesha watoto wa dada yake, kwamba alimuuguza mama mkwe miaka mitatu bila kunung'unika. Watu wanalia. Mwenye sifa hasikii.

Sisi tunaofanya kazi ya ustawi wa jamii tunaliona hili sana mwezi Januari, baada ya sikukuu. Familia ilikutana kijijini Moshi, mbuzi wakachinjwa, kikao cha ukoo kikakaa. Kikazungumzia michango, mpaka wa shamba na nani hakutuma pesa. Shukrani zilikuwamo mioyoni, zikarudi mjini bila kusemwa.

Kinachozifunga mara nyingi ni haya, yaani kuona aibu. Baba anaogopa akimsifu mtoto atavimba kichwa. Mtoto anaona si adabu kumpima mkubwa kwa maneno. Mume anashindwa kumshukuru mkewe mbele ya wakwe. Wenzetu Marekani wameichunguza haya hiyo: mwaka 2018 watafiti Amit Kumar na Nicholas Epley waliwaomba watu wawaandikie barua za shukrani waliowahi kuwafaa. Waandishi walihofu kwamba mpokeaji ataona vibaya. Wapokeaji walipoulizwa, furaha yao ilikuwa kubwa kuliko waandishi walivyodhani, na ile haya waliyoiogopa ilikuwa ndogo.

Hapo ndipo mchezo unapofaa, maana msemaji hajajitokeza mwenyewe, zamu ndiyo iliyomfikia. Na mchezo mzuri tunao tayari: kitendawili.

Andikeni majina ya wote waliopo, mama aliyeko jikoni na dada wa kazi wakiwemo, mkayatie kwenye ungo na kila mmoja aokote moja. Msiache kupiga kura hii. Bila kura watashukuriwa wale wale wanaotuma pesa, na kijana ambaye hajapata kazi ataondoka amejiona si mtu. Kisha aliyeokota anatega:

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Jogoo hajawika, maji ya kuoga watu kumi na wawili yako motoni."

Wanabahatisha. Wakishindwa, anasema, "Nipeni mji." Wanampa Tanga. Naye anasimulia: nilikwenda Tanga, wakanikaribisha vizuri, wakaniuliza anayeamka mapema hivyo ni nani, nikawaambia ni wifi yangu huyu hapa. Halafu anamgeukia na kumwambia, "Wifi, asante. Nilikuona." Mtoto akimwokota babu yake, anaanza na shikamoo, kisha anashukuru, heshima haipungui hata kidogo.

Nawapendea kitendawili kwa sababu kinamlazimisha mtegaji kutaja kitendo. "Wewe ni mtu mzuri sana" hakitegeki. Kwa watoto jambo hili lina uzito wa pekee. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha utafiti uliowagusa walimu wengi: watoto waliosifiwa kwa akili zao, walipokutana na maswali magumu, walikata tamaa upesi kuliko waliosifiwa kwa bidii yao. Kwa hiyo shangazi, badala ya "una akili wewe," mwambie, "nimeona ulivyorudia ile hesabu mpaka ukaipata." Atajua cha kufanya kesho.

Familia zinazopenda maneno matamu zijaribu kutunga jina la kanga. Kanga yenyewe si lazima, karatasi inatosha. Kila mmoja anamtungia aliyemwokota jina ambalo angeliandikisha kwenye kanga ya kumpa, linasomwa kwa sauti, na mwenyewe anaondoka nalo. Wanaume hutunga vizuri wakishazoea. Ila mkubaliane mapema: leo hakuna vijembe. Kanga inajua kusifu na inajua kuchoma, na wifi mwenye kinyongo anaweza kuharibu jioni nzima kwa maneno manne.

Wadogo wa chekechea wapeni mpira tu. Anayeushika anamtaja mtu aliyemsaidia leo, kisha anamrushia huyo.

Asiye tayari asisukumwe; ampe mwenzake mji, zamu ipite. Ukoo wenye ugomvi mbichi usitumie mchezo kuufunika. Mke aliyepigwa wiki iliyopita asilazimishwe kumshukuru aliyempiga mbele ya watu. Huko ni kumuumiza mara ya pili.

Na nawaomba wazazi wenzangu muwe macho na hili moja. Mtoto akiokota jina la ndugu fulani kisha akanyamaza, akainama, au akakataa kumsogelea, msimkemee kwamba hana adabu. Badilisheni jina bila maneno mengi. Baadaye, mkiwa wawili tu, mwulize taratibu, umsikilize mpaka mwisho bila kumkatiza wala kumtetea yule mkubwa. Akisema ameumizwa, mwamini, mtenge na huyo ndugu usiku huo huo, na upige simu ya huduma kwa mtoto, namba 116. Haina malipo. Kikao cha ukoo hakiwezi kulimaliza jambo hilo, hata kama wazee wataomba libaki nyumbani.