Njia ya damu mapafuni ilijulikana kabla ya 1628

Upo ujumbe unaozungushwa mara kwa mara katika makundi ya mitandaoni, ukidai kwamba hakuna aliyejua kuwa damu hupita mapafuni hadi tabibu mmoja Mwingereza alipochapisha kitabu chake mwaka 1628. Dai hilo si sahihi, na ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.

Katika karne ya 13, tabibu wa Damasko aliyehamia Kairo alikwisha kuandika kwa Kiarabu kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, hupita mapafuni ikachanganyika na hewa, kisha huingia upande wa kushoto. Alikuwa akipinga fundisho la Kigiriki, lililodumu takriban miaka 1,000, kwamba damu hupenya vitundu katika ukuta unaotenganisha pande hizo. Anayetaka kuhakiki anunue moyo mzima wa mbuzi buchani, aupasue vyumba viwili vya chini na kuupapasa ukuta huo: ni nyama nene isiyo na tundu. Hata Ulaya kwenyewe, njia hiyo ilitajwa katika vitabu vya 1553 na 1559.

Watu huchanganyikiwa, nadhani kwa haki, kwa sababu andiko la Kairo lilitambuliwa upya mwaka 1924 tu, nakala yake ikiwa Berlin. Tena Mwingereza yule alithibitisha jambo pana zaidi, yaani mzunguko wa damu mwili mzima, ingawa vishipa vyembamba vinavyoukamilisha vilikuja kuonekana kwa hadubini, katika mapafu ya chura, mwaka 1661.