Hawajigaragazi tu

Kijiweni Mikindani, video ya dansi ya kisasa ikipita simu kwa simu, hakosekani wa kusema: "Hawa wanajigaragaza tu, kila mtu na lake." Sivyo.

Chukua dansi ambayo Pina Bausch, mtunzi wa dansi wa Ujerumani, aliitunga mwaka 1975 kwa muziki wa mtunzi Stravinsky. Mwaka 2021 ilirudi jukwaani na wachezaji zaidi ya 30 kutoka nchi mbalimbali za Afrika, kwa ubia wa Wakfu wa Bausch, ukumbi wa Sadler's Wells wa London na École des Sables, shule ya dansi ya Germaine Acogny huko Senegal. Jukwaa zima linamwagwa udongo. Miguu inazama, jasho linageuka tope. Ukitazama juujuu utaona vurugu. Tazama tena: kundi zima linashusha viwiko kwa pigo moja, na hatua hizo zilifundishwa na watu waliowahi kuzicheza.

Mmakonde asishangae. Kwenye mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, mvaa kinyago na wapiga ngoma wanaviziana. Bega likikata, ngoma nayo imekata. Mgeni huona fujo. (Sindimba, ngoma nyingine ya Wamakonde, nayo imeonewa vivyo hivyo, eti "kukata kiuno tu.")