The Open Haikuanza Kuitwa British Open

Tangu Mmarekani Scottie Scheffler aliponyanyua kombe la mashindano ya gofu ya The Open kwenye uwanja wa Royal Portrush mwezi Julai 2025, akiwa mikwaju 17 chini ya kiwango cha uwanja (idadi ya mikwaju inayotarajiwa; kwenye gofu mwenye michache ndiye mshindi) na minne mbele ya Harris English, haipiti wiki kabla mmoja wa wanachama ninaowafundisha gofu hajanisahihisha. Nikisema The Open, naambiwa kwamba jina kamili ni British Open, na kwamba hilo ninalolitumia mimi ni ufupisho wa Waingereza wenye majivuno. Kosa hili lingekuwa dogo kama wanaolifanya wasingelitumia kuwasahihisha wenzao.

Jina rasmi ni The Open Championship, na ndivyo waandaaji wake, The R&A wa St Andrews, wanavyoliandika. Mashindano yalianza Oktoba 17, 1860, pale Prestwick, pwani ya magharibi ya Uskoti, ambako wachezaji wanane wa kulipwa walizunguka mara tatu uwanja wa mashimo 12 kwa siku moja. Willie Park alishinda kwa mikwaju 174, miwili pungufu ya Tom Morris, akapewa mkanda wa ngozi nyekundu wenye kifungo cha fedha, pesa hakupewa. Mwaka uliofuata wachezaji wa ridhaa, yaani wasiolipwa, nao waliruhusiwa, na uwazi huo ndio unaotajwa katika jina, kwani open ni wazi. Hapakuwa na sababu ya kuongeza jina la nchi, kwa kuwa hapakuwa na Open nyingine ya kutofautishwa nayo. Ile ya Marekani, US Open, ilichezwa kwa mara ya kwanza Newport, Rhode Island, mwaka 1895, yaani miaka 35 baadaye, na Kenya Open ilianza 1967. Hawa waliofuata ndio waliohitaji kujitambulisha kwa nchi zao. Anayedai kwamba The Open imeiga US Open na kisha kuficha jina la nchi yake ameisoma kalenda kinyumenyume.

Kuna wanaotetea British Open kwa sababu ya urahisi, na hao nawaelewa. Mmarekani ana Open yake nyumbani, kwa hiyo katika mazungumzo ni kawaida kwake kuongeza neno la kuitofautisha na ile ya ng'ambo, na sitagombana na mtu mezani kwa jambo hilo. Hata hivyo, jina la mazoea halibadiliki kuwa rasmi kwa kutumiwa na wengi. Tena Portrush yenyewe, ingawa ni sehemu ya Ufalme wa Muungano, iko Ireland ya Kaskazini, ng'ambo ya bahari kutoka kisiwa cha Britania, kwa hiyo hata maelezo yanayodaiwa kuondoa utata yanaleta utata mwingine. Kwa upande mwingine, Waingereza wanaonung'unikia British Open ndio hao hao wanaosema US Masters, ilhali klabu ya Augusta ya Marekani inayaita mashindano yake Masters, basi.

Kwa wanawake hali ni tofauti. Yale yao yaliitwa Women's British Open hadi 2019, na neno British likaondolewa mwaka 2020, kwa hiyo anayetumia jina la zamani anapozungumzia miaka ya nyuma hajakosea.

Madai mengine ninayoyasikia nitayajibu kwa ufupi. The Open haichezwi St Andrews kila mwaka: mashindano 12 ya kwanza yote yalikuwa Prestwick, na St Andrews ilingoja hadi 1873. Kombe analokabidhiwa bingwa ni nakala, kwani lile la asili limehifadhiwa St Andrews tangu mwishoni mwa miaka ya 1920. Mchezaji wa ridhaa anaweza kushinda. Bobby Jones alishinda 1926, 1927 na 1930 bila kuwahi kulipwa. Na wanaoamini kwamba Kenya Open ni mashindano ya pembeni tu wakumbuke kwamba Seve Ballesteros aliitwaa mwaka 1978, kabla ya kushinda The Open mwaka uliofuata.

La mwisho linanihusu kama mwalimu. Wanafunzi husema kwamba bingwa wa kiwango hicho hakosei. Siku ya mwisho pale Portrush, kwenye shimo la 8, mpira wa Scheffler uliingia banka, yaani shimo la mchanga. Alipojaribu kuutoa uligonga ukingo ukarudi mchangani, na shimo la kiwango cha 4 likamgharimu mikwaju 6. Shimo la 9 alilimaliza kwa mkwaju mmoja chini ya kiwango. Anayekuja kwangu akitaka kujifunza kupiga mbali huanza kwanza mchangani, na habishani nami kuhusu draiva, fimbo ya kupigia mbali, mpaka aweze kutoka humo kwa mkwaju mmoja.