Keneli ikipangwa upya, programu za zamani hazigomi

Fundi wa kompyuta Mwanza, awe Kirumba au Nyegezi, anaweza kuamini kwamba msimbo wa mtandao ndani ya keneli (kiini cha mfumo endeshi) ukipangwa upya, programu za zamani zitagoma. Hofu hiyo inaeleweka. Ila mwaka 2018, katika toleo la 4.17, keneli ya Linux ilihamishia kazi ya miito ya mfumo (maombi ambayo programu huituma keneli) kama socket, bind na connect kwenye vitendakazi vya ndani, yaani vipande vya msimbo ambavyo programu haziviiti moja kwa moja. Majina na namba za miito hazikuguswa. Ni stoo ya dagaa iliyopangwa upya, dirisha la kuuzia likabaki palepale.

Jaribu: kwenye mashine moja yenye keneli mbili, moja ya kabla ya 4.17 na nyingine ya baadaye, iwashe kwa kila keneli kwa zamu na uandike strace -e trace=network curl localhost (strace huonyesha miito ya programu; curl huomba ukurasa wa wavuti). Kote utaona socket, kisha connect. (Wakati mwingine programu hugoma kweli, lakini hilo huhesabiwa kasoro ya keneli na hurekebishwa.)