Je, wajua Alec Guinness aliketije mara sita katika kanisa moja?

Ni ibada ya mazishi. Kanisani wako jenerali, admirali, mwenye benki, kabaila mkuu wa ukoo na bibi mmoja mpigania haki za wanawake, na mimbarini yuko kasisi. Ni ndugu wa ukoo wa D'Ascoyne, na wote sita ni mtu mmoja: mwigizaji Mwingereza Alec Guinness. Filamu ni Kind Hearts and Coronets ya mwaka 1949, iliyoongozwa na Robert Hamer katika studio za Ealing, London.

Kwa miaka mingi niliamini kuwa kila Guinness alipigwa picha kwenye mkanda wake, kisha mafundi wa maabara wakakata na kubandika, kama mpiga picha wa studio anavyokuweka mbele ya mlima ambao hujawahi kuupanda. Niliwaeleza hivyo hata wenzangu. Sivyo ilivyokuwa. Kilichonipotosha ni kwamba njia hiyo ipo kweli, na filamu nyingi za zamani ziliitumia. Lakini ina gharama yake: kubandika hivyo kunahitaji kuunakili mkanda, na kila nakala hufifia kidogo, kama fotokopi iliyotolewa kwenye fotokopi. Tena mtazamaji akiona ukungu umeingia ghafla, hushtuka kwamba kuna hila.

Mpiga picha wa filamu hiyo, Douglas Slocombe, hakubandika chochote. Wote sita waliingia kwenye mkanda uleule, ndani ya kamera ileile.

Chukua nyumba yenye madirisha sita, yote yamefungwa, na ndani giza totoro. Fungua dirisha la kwanza tu: mwanga unaangukia kona moja, kwingine kote bado giza. Mkanda wa filamu nao uko hivyo. Pale mwanga usipofika, hakuna kinachoandikwa, na sehemu hiyo hubaki tayari kupokea picha siku nyingine. Basi Slocombe aliweka mbele ya lenzi kizuizi cheusi chenye sehemu sita za kufungua na kufunga. Akafungua ya kwanza, Guinness akaigiza akiwa jenerali, tuseme, ikafungwa. Mkanda ukarudishwa nyuma mpaka fremu ileile ya mwanzo, Guinness akaenda kubadilishwa nguo, nywele na sura, akarudi akiwa mtu mwingine, na dirisha la pili likafunguliwa. Hivyo hivyo mpaka la sita.

Anayejua jinsi khanga inavyochapwa ataelewa haraka ugumu ulipo. Kila rangi hupita peke yake juu ya kitambaa kilekile. Kitambaa kikisogea kidogo tu kati ya rangi mbili, ua linatoka nje ya mstari wake na doti nzima imeharibika. Kwa Slocombe, "kitambaa" kilikuwa kamera. Ikitikiswa hata kwa unywele, kiti kinakatika katikati na ukuta wa kanisa unapata ufa. Na kazi yenyewe ilichukua siku kadhaa, kwa sababu kila mhusika alihitaji muda mrefu kwenye chumba cha vipodozi. Slocombe mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alilala studio, karibu na kamera yake, asije mtu akaigusa usiku.

Pamoja na hayo, kizuizi cheusi kiliweza tu kuleta miili sita. Kuwafanya watu sita kulimtaka Guinness, na hapo ndipo jukwaa lilipomfaa. Alizaliwa London mwaka 1914, akaanza maisha kwa kuandika matangazo ya biashara, na mwaka 1934 akapata nafasi ndogo katika Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, iliyoandaliwa na mwigizaji maarufu John Gielgud. Baadaye akajiunga na Old Vic, jumba la maigizo la London, ambako mwigizaji huyohuyo alivaa nafasi tofauti kabisa toka tamthilia hii hadi ile. Mwongozaji David Lean alipokataa kumpa nafasi ya Fagin, mzee Myahudi anayewafunza watoto wizi, katika filamu ya Oliver Twist (1948), Guinness aliomba ajaribiwe, akatokea tayari amejigeuza mzee, na Lean akakubali. Sura ile yenye pua ya bandia iliwaumiza Wayahudi wengi, na Marekani haikuionyesha filamu hiyo mpaka 1951. Kwangu mimi walikuwa na haki ya kulalamika.

Katika Kind Hearts, kwanza alipewa nafasi nne. Akauliza kwa nini nne, kwa nini zisiwe nane. Hesabu ya kawaida imebaki nane, ingawa wapo wanaofika tisa kwa kumjumlisha kabaila wa kizazi kilichotangulia anayeonekana kidogo mwanzoni. Oscar yake ya mwigizaji bora ilikuja kwa The Bridge on the River Kwai (1957), na vijana wengi wa leo wanamjua kwa Star Wars (1977) tu.

Ukiipata filamu hiyo, subiri kipande cha kanisani, kisha usiangalie nyuso. Angalia mikono na mabega. Kila mmoja amebaki ndani ya eneo lake, hakuna anayemwegemea jirani wala kumpita mbele, kwa sababu kiganja ambacho kingevuka mpaka wa dirisha lake kingekatika hapo hapo. Unachokiona kama adabu ya watu wakubwa msibani ni ukingo wa kizuizi cha Slocombe.